Kocha wa Kabati na Kreti Zake Tatu

Mwaka wa 1973, nikiwa na miaka kumi, baba alikufa nikatolewa darasa la tatu, nikapelekwa Nuu kuchunga mbuzi wa watu. Masomo yangu yaliishia hapo. Nasema haya kwa sababu wiki jana tulimzika rafiki yangu wa hapa sokoni Kabati, kocha wa futiboli ya Amerika ambaye timu yake niliifuata kila ilikocheza, na bila kujua nilikotoka hamtaelewa kwa nini namshukuru.

Mchezo wenyewe ni ule wa mpira wa umbo la yai, vijana wanagongana mabega, wanasimama, kocha anachagua mbinu nyingine, wanagongana tena. Mbinu zake alizipa majina ya Kikamba. Nzou, yaani ndovu, ilikuwa kupasua katikati; mbui, mbuzi, ilikuwa kukwepa pembeni. Timu za Nairobi hazikuambulia neno, tukajiona werevu sana. Halafu tukaenda Mukuyuni, kule Makueni. Kocha akaita nzou, wenyeji wote wakajazana katikati, na mmoja wao akamwambia, "Kocha, ndovu yenu tumeifunga. Sasa tuletee mbuzi." Tulikuwa tumesahau kwamba Makueni nako ni Ukambani. Tulichapwa vibaya.

Kocha akayaacha majina hayo, akachora picha kwenye mbao za kuinuliwa juu, kila picha mbinu moja: sufuria, ufagio, jembe. Lakini hakuzirundika pamoja. Alizigawa katika kreti tatu za soda: ya kwanza tukiwa tumebanwa kwetu, ya pili tukiwa katikati, ya tatu tukikaribia kwao. Mukuyuni walipokuja kwetu kurudiana, ugonjwa ulikuwa umeshamkalisha kwenye kiti, na kila mtu alijua hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho. Akataka mimi ndiye niinue mbao. Nikamwambia atafute mwalimu, kwa sababu sikutaka kuiharibu siku yake mbele ya vijana wenye digrii.

"Mzee, hapa hakuna kusoma," akasema. "Angalia tuko wapi, chagua kreti. Ukishapata kreti, mbao yoyote iliyomo inafaa, kubahatisha kumeisha."

Karibu na mwisho tulikuwa nyuma, lakini tumefika mlangoni mwao. Nikaenda kreti ya tatu, nikainua ufagio. Kijana wetu mmoja akanitazama kwa mashaka, kisha akatii. Tukaingia, tukashinda. Kocha akaniuliza tu, "Umeona?"

Niliona. Watu wengi tunajaza vitu kichwani na dukani, halafu siku ya haja hatuvipati. Nilipanga upya duka langu la vifaa vya ujenzi kwa kufuata kazi ya mteja: wa kuezeka huku, wa kuchimba choo kule, wa ua pale. Anayeingia namwuliza anajenga nini, basi. Jambo unalolijua lipange mahali utakapolihitaji, la sivyo ni mzigo tu.

Leo nina duka hilo, nyumba ya mawe, lori moja, ng'ombe saba na ekari nne zenye hati. Hivyo vyote nilivitafuta kwa jasho langu na sidaiwi shukrani na mtu. Kujua pa kuanzia kutafuta ndicho kitu nilichopewa na kocha.