Siku Nilipomwitikia Bahati

Najua mnavyonijua. Mimi ndiye niliyetangaza darasani kwamba mwalimu wa hesabu amefariki, kumbe mwenyewe yuko chooni. Kwa hiyo mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize. Haya yalinipata mimi, saa tisa mchana, jua linawaka, na Pasta alikuwepo. Dada yangu mdogo nusura abaki kwenye nyati.

Ilikuwa safari yetu ya kwanza ya kutembezwa ugenini. Ndiyo, naishi ugenini tangu wazazi wanibebe mgongoni kutoka Kivu hadi kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Lakini huo ugenini nani alishanitembeza? Uganda yangu iliishia Rwekubo, sokoni hapo hapo kambini. Basi Pasta akapanga wanakwaya tuone vitu vitatu kwa siku moja: Mbarara na jumba la zamani la wafalme wa Ankole, wanyama wa mbuga ya Mburo, halafu mlima wa maombi. Wafalme, pundamilia na Roho Mtakatifu, wote kwa gari moja!

Kutoka kambini tulihitaji kibali chenye majina yetu. Chetu kilikuwa na majina kumi na manane, na la nne lilikuwa la Bahati.

Bahati alikuwa rafiki yangu, na dada yangu mdogo alimwita yaya, kama ndugu mkubwa. Hakuna aliyeisubiri safari ile kama yeye. Wiki mbili baada ya kibali kupigwa muhuri, akazama akafa ziwani Nakivale. Pasta akaogopa kulifuta jina, maana karatasi ya muhuri ukiikwaruza kidogo tu, mnarudishwa mwanzo wa foleni. Jina likabaki.

Sasa sikieni. Mimi na Bahati tulikuwa na mkataba shuleni. Akikosekana, namwitikia, nikikosekana, ananiitikia. Wenzetu wanaitika kwa Kiingereza, sisi wa Kivu tunapiga "Prezan!" ya Kifaransa. Yake ilikuwa nyembamba kama ya mbuzi aliyekanyagwa, nami niliiiga hadi mwalimu akawa hatofautishi.

Kiongozi wa safari alikuwa mwanajeshi mstaafu wa Mbarara, tukamwita Afande. Alikuwa dereva, mweleza historia na mlinzi, yote yeye. Kabla ya kuondoka akashika karatasi. "Mimi nasoma jina, wewe najibu. Jina ikijibu, gari inaenda. Tumeelewana?"

Akasoma. Alipofika "Bahati," wote wakainamisha vichwa. Nami, sijui ni mazoea, sijui ni ujinga, nikapiga "Prezan!" kwa sauti ile ile ya mbuzi.

"We mutoto, hauna hata haya?" alisema Mama Zawadi, kiongozi wa kwaya. Wengine walicheka kwa pua. Afande, ambaye hakumjua Bahati, akatia alama na kuwasha gari. Kiti cha nyuma kabisa kilikuwa kitupu. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nimeweka begi langu pale.

Huko Mbarara, Afande akatueleza habari za wafalme. Nikamuuliza kama mfalme naye alipanga foleni ya posho. "Wewe kijana," akasema, "hiyo mdomo yako itakufunga siku moja." Tukarudi garini, akasoma majina tena. "Bahati." Nikafungua mdomo, na kabla sijatoa pumzi, nyuma yangu kabisa nikasikia:

"Prezan!"

Watu wote wakanitazama mimi. "Inatosha sasa," alisema Pasta. Nilijichekesha, nikidhani kuna mjanja ananiiga. Lakini tulipokula Kakoba, hapo hapo Mbarara, nilichukua begi langu, nikalikuta limelowa chapachapa. Nikasema chupa imevuja. Chupa ilikuwa imejaa hadi shingoni.

Mburo tukawakuta pundamilia. Mmeshaona kundi zima likitazama dirisha moja? La nyuma. Afande alipopiga honi, hawakugeuka. Utani ukaniisha.

Tulishuka karibu na ziwa la mbuga, fasi watu wanaporuhusiwa kushuka, na hapo dada yangu Neema, mwenye miaka tisa, akaenda chooni bila kumwambia mtu. Nyati walianza kutoka vichakani, Afande akatukimbiza garini. Akasoma haraka haraka. Mimi nilikuwa mbele, nimejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, watu wasije wakasema ni mimi.

"Neema."

"Prezan!"

Sauti ya mbuzi. Gari likaondoka.

Nikageuka. Mahali pa Neema palikuwa patupu.

"Simamisha! Neema hayuko!"

Gari zima likaangua kicheko. Kicheko, jamani! Miaka yote nimewachekesha, na siku ile ndiyo walicheka kuliko zote.

"Jina nimesoma, imejibu," alisema Afande bila kugeuka. "Unanichezea?"

"Si yeye aliyejibu! Pasta, nakuomba, angalia kiti!"

Nilikuwa nalia. Hawakuwahi kuniona nikilia, hata kwenye mazishi ya Bahati. Nadhani hicho ndicho kilichomfanya Pasta ainuke na kuangalia. Akapiga paa la gari kwa ngumi. "Rudisha! Mutoto hayuko!"

Nyati walikuwa wamejaa pale. Neema alikuwa amesimama katikati yao, ametulia, mkono mmoja ameunyoosha kando kama mtoto anayeshikwa mkono barabarani. Afande akamsogezea gari taratibu hadi nikamvuta ndani kwa mlango.

"Ulikuwa na nani?"

"Na yaya Bahati. Aliniambia nisilie, gari ikienda iende. Jina langu ameshaniitikia."

Mkono wa gauni lake ulikuwa umelowa hadi kwenye kiwiko, unanuka ziwa.

Kwenye mlima wa maombi hatukuimba. Pasta aliitandaza karatasi juu ya jiwe, akaomba kalamu, akalikata jina la nne mbele yetu sote. "Afande, nisamehe, mwenye jina hili alishakufa," alisema. Afande akavua kofia. "Kata," akajibu. "Kata sana." Tulirudi Nakivale, na Neema tangu siku ile hanywi maji mpaka mimi nitangulie kuyaonja, asije akakuta harufu ya ziwa.

Mnadhani yameisha? Jumatatu iliyofuata, mwalimu alisoma jina langu. Kabla sijafungua mdomo, kutoka dirisha la nyuma:

"Prezan!"

Waganda darasani wakacheka, mwalimu akatia alama. Imekuwa hivyo kila asubuhi. Nimejaribu kuwahi, siwezi. Nakumbuka mkataba wetu: mtu anaitikiwa akikosekana. Mimi niko pale, nimekaa, nina kalamu mkononi. Sasa Bahati ananiitikia kwa nini? Au kuna karatasi nyingine inayosomwa, fasi nyingine, ambako mimi ndiye nisiyekuwepo bado?

Wewe unayesoma, jina likisomwa na mwenyewe hayupo, nyamaza. Liache lipite. Ukiliitikia mara moja tu, kuna mtu atakumbuka kwamba na yeye ana zamu yake ya kukuitikia.