Moto wa Fujo Mpapura

Nimekaa Tanga, Songea na hata Nampula ng'ambo ya mpaka, na kote huko nilikuwa nikiiota harufu ya korosho zinazochomwa kwetu. Kwa hiyo mtafiti mmoja kutoka Dar es Salaam alipotafuta mtu wa kumbebea vifaa na kumfikisha kwenye moto wa maganda ya korosho, nilimpeleka kijijini kwetu Mpapura, kwa shangazi yangu.

Maganda yale yana mafuta. Yakishika moto, moshi wake ni mweusi ti. Mama yule mtafiti alitaka kupima masizi yakiwa bado ndani ya moto unaoyumbishwa na upepo, aone yanavyojikusanya na yanapokatika. Alikuwa na taa ya kuyamulika, ya mwanga wa kijani, mwembamba kama ukingo wa karatasi, na kamera ya kasi. Vyote vilikuwa vya kuazima, na gari lilikuwa livirudishe mchana uleule.

Kilichotuponza ni ukarimu. Shangazi na majirani zake, kwa kumheshimu mgeni, waliuzungushia moto mabati, kisha wakatundika khanga kuzuia upepo. Moto ukasimama wima kama wa kibatari. Mtafiti akapiga picha, akatazama kompyuta, akashukuru, akapiga tena. Uso ulizidi kumnywea, lakini aliona haya kusema.

Nikamnong'oneza shangazi kwamba mgeni hautaki moto uliotulia, anautaka wenye fujo.

“Ametoka Dar es Salaam kufuata fujo?”

“Ndiyo, shangazi.”

“Si angesema, mwanangu. Fujo tunazo.”

Mabati yakaondolewa kwa vicheko. Shangazi akamwaga karai zima la maganda, upepo ukaingia, moto ukawa unaruka huku na kule. Sote tulitimua mbio, isipokuwa mtafiti, aliyebaki ameinamia kamera yake huku akicheka peke yake.

Kwenye kompyuta masizi yalionekana kama utepe uliokunjwakunjwa, hapa mnene, pale umechanika. Akawa anapima mkunjo mmoja baada ya mwingine, hataki hata kukaa.

“Huo ndio moshi wangu?” shangazi akauliza.

“Ndio huo, mama. Sijapata kuona mzuri kama huu.”

Shangazi akajifunga khanga vizuri, akaagiza karai la pili. Dereva wa gari lile alikuwa ameshaanza kupiga honi. Mtafiti akamtazama, akaiwasha tena taa yake.