Hambaga Ambazo Mzee Kassim Hakuzionja

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa jikoni katika mkahawa wa Kimarekani katikati ya Birmingham, aproni yangu ikinuka vitunguu. Usiutafute mkahawa huo leo. Katika miaka ya sabini vijana walipanga foleni hadi nje wakisubiri hambaga, nasi tuliamini Marekani nzima imehamia barabara ile. Siku hizi hata huko kwao jina lake limesahaulika. Matawi yalifungwa moja baada ya jingine, na pale petu sasa panauzwa miwani. Lakini mimi naushukuru mpaka leo, kwa sababu ya mtu niliyemkuta humo.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, binti wa Kitaita, na nilitilia shaka kila kitu: kanisa, serikali, maprofesa, hata mila za nyumbani. Mwisho wa wiki nilifanya kazi na Mzee Kassim, Mhindi aliyefukuzwa Uganda akaja Birmingham na mkewe. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Yeye ndiye aliyekoleza nyama chumvi na viungo, lakini kwa kuwa haikuchinjwa kwa namna ya dini yake, hakuweza kuionja. Kwa hiyo alikaanga kipande kidogo, akanipa mimi nionje, nami nikamwambia kama chumvi imetosha.

Wakati mmoja nilimchokoza. "Mzee, kipande kidogo hivi, Mungu atajuaje?"

"Atajua," akasema. "Wewe utamwambia. Kwani wewe unaweza kunyamaza?"

Basi Jumamosi hiyo ninayokusimulia, alinipa kipande kama kawaida, nikasema sawa. Haukupita muda, sahani zikaanza kurudi. Nyama ilikuwa chumvi tupu. Meneja aliingia amefura, na Mzee Kassim akamwambia mkono wake ulikuwa umeteleza. Meneja alipotoka, akanigeukia.

"Ulimi wako uko wapi leo?"

Nikamwambia. Juzi yake nilikuwa nimepata telegramu kwamba baba amefariki na ameshazikwa.

"Na umekaa na nani tangu juzi?"

"Na vitabu vyangu. Matanga ni ya walio karibu na kaburi, mzee. Mimi nikikaa chini hapa, nitabadilisha nini?"

Alinitazama, kisha akaanza kufungua kamba za aproni yake. "Vua na wewe. Twende nyumbani."

"Lakini baba yangu hukumjua."

"Ndiyo maana utaniambia."

Meneja alisema Jumamosi si siku ya kuondoka, na tukiondoka tusimlaumu kwa atakaloamua. Mzee Kassim akamjibu kwa upole kwamba Jumatatu tutakuja kusikia uamuzi wake. Nilijua alivyohangaika kuipata kazi ile. Tukapanda basi kwenda Small Heath, mtaa aliokaa.

Mkewe, Mama Shirin, hakuuliza mengi. Alitandika mkeka, akaweka chai ya tangawizi jikoni, akagonga milango ya majirani. Akaja muuguzi mmoja Mkenya, na Singasinga wa Nakuru aliyekuwa akiunda magari katika kiwanda cha Longbridge. Walinipa pole, wakakaa. Kisha Mama Shirin akaniuliza baba yangu alikuwa mtu wa namna gani.

Nilianza kama ninayejaza fomu: mwalimu, mzee wa kanisa, watoto sita. Wakasubiri. Nikasema alipenda sana kuimba, ila sauti yake ilikuwa mbaya.

"Mbaya kiasi gani?" akauliza yule Singasinga.

"Mchungaji alimwomba akae nyuma."

Wakacheka, nikacheka nao, na katikati ya kicheko hicho nikalia kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyeninyamazisha. Mama Shirin alinishika tu mkono, chai ikapoa.

Jumatatu meneja alinung'unika, akaturudisha jikoni. Lakini Mzee Kassim hakulijua hilo alipovua aproni yake.

Mwanangu, mimi bado ni mtu wa maswali. Sijui kama wafu wanatusikia, na sitakudanganya kwamba najua. Uliza na wewe, hiyo ni haki yako. Ila ukisikia mtu amefiwa, usikae ukijiuliza kama ulimjua marehemu, au kama kutuma ujumbe kwa simu kunatosha. Nenda. Kaa naye chini, muulize habari za mtu wake, na usiwe na haraka ya kuondoka. Na ukifiwa wewe, usijifungie na akili zako. Waache watu waingie, hata wasiojua kusema jina la baba yako.

Wale walionikalisha kwenye mkeka ule wote wametangulia, Mungu awalaze pema. Nawe akujalie maisha marefu na watu wa kukujaza nyumba. Na siku yako ya majonzi ikifika, mlango wako ugongwe kabla hujazoea kulia peke yako.