Shikamoo ya Mlimani

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la baiskeli hapa Karatu, nasubiri kuzibiwa pancha, nikamsikia mama muuza maziwa wa Buger akibishana na mwenye duka. Mbele yao ilisimama baiskeli ya umeme, mota yake iko pale kwenye pedeli.

“Hii haihitaji eksileta ya mkononi kama pikipiki,” mwenye duka alisema, akizungusha pedeli kwa kiganja. “Ukikanyaga, mota inakusaidia. Mlima unaupanda bila jasho.”

“Nikisimama katikati ya mlima na madumu yangu ya maziwa, naondokaje?”

“Usisimame, mama.”

Mama akamtazama kama mtu aliyeambiwa asile. “Nikimkuta mzee anapanda na fimbo yake, nimpite hivihivi bila shikamoo? Nifungie hiyo eksileta, kaka.”

Mwenye duka akavua kofia, akajikuna kichwa, akaenda kutafuta bisibisi.

Juzi nilikuwa napanda mlima wa Buger kwa miguu na uzee wangu huu, nachechemea kwa maumivu ya goti. Nyuma yangu breki zikalia.

“Shikamoo, baba.”

Alikuwa yeye. Akaniuliza habari za goti, za nyumbani, za ng’ombe, za mvua, hakuacha kitu. Kisha akavuta eksileta, na baiskeli ikaondoka taratibu na madumu yake.

Mafundi waendelee kubishana kama eksileta inahitajika. Mimi namshukuru aliyeifunga. Siku ile wengi walinipita pale mlimani, na aliyesimama alikuwa mmoja.