Bosi Anayekagua Barakoa

Bosi wetu ni mama mfupi mwenye sauti nene, na sisi mafundi wa kuezua mapaa ya zamani tunamwita Mama Barakoa, ingawa si mbele yake. Kila asubuhi kabla hatujapanda ngazi anapita kwa kila mmoja wetu, anakaza kamba za barakoa na kupitisha kidole shavuni kutafuta upenyo. Mwenye ndevu anarudishwa akanyoe. Paa la asbesto halivunjwi hovyo. Tunalilowesha maji, tunashusha vipande vizima vizima, tunavifunga kwenye nailoni nzito. Mwenye jengo akija kufoka kwamba tunamchelewesha, bosi humjibu taratibu: "Vumbi hili likiingia kifuani halitoki, mzee wangu. Hawa nimewachukua kwao wazima, nitawarudisha wazima."

Jana jioni mke wangu alikuja kunipokea pamoja na binti yetu mdogo. Mtoto aliponiona nashuka alichomoka mbio, na mimi kwa furaha nikainama kumdaka, ovaroli imejaa vumbi. Bosi, aliyekwisha kuoga na kubadili nguo, alimwahi getini akamnyanyua juu. "Subiri, mjukuu wangu. Baba bado hajaoga." Mtoto alilia, akamtwanga ngumi za mabegani, naye akazipokea zote huku akicheka. Niliacha ovaroli kwenye pipa la kazini, nikaoga, nikasugua hadi kucha. Nilipotoka alinikagua nywele na nyuma ya masikio, kisha akaniwekea binti yangu mikononi.

"Haya, sasa mkumbatie."