Watu Waliosimama Ndani ya Ziwa

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo haijawahi kunitoka machoni, mwanangu, na kwa kuwa kanisa linakutuma wiki ijayo kuhudumu Turkana, ningependa uende nayo. Sogea karibu na moto. Chai ipo.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa bado sijaolewa, nikifundisha shule ya Jumapili hapa hapa Litein, na maji makubwa kuliko yote niliyokuwa nimeyaona ni bwawa la kiwanda cha chai. Ndipo kanisa letu likaamua kutuma vijana kwa wiki moja katika kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria, ng'ambo ya Mbita. Aliyetuongoza ni Mzee Kiprono, mzee wa kanisa, mkulima wa chai kama baba yangu, mtu wa maneno machache. Alikuwepo pia Sista Raeli, muuguzi. Tulibeba Biblia, dawa, nguo, na vipaza sauti vya mkutano mkubwa wa injili. Mkutano huo ndio tuliouhesabu kuwa kazi yetu hasa; hayo mengine yalikuwa ya kusindikiza.

Wakati wa kuvuka nilifumba macho. Nilipoyafumbua niliogopa zaidi. Huku kwetu ukitazama mbali unaona kilima, na juu ya kilima chai, na juu ya chai mawingu. Kule jicho halikupata mahali pa kutua.

Nilipangiwa kulala kwa Mama Perpetua, mjane aliyeishi na Atieno, mke wa mwanawe. Mwanawe mwenyewe alikuwa kazini Kisumu. Atieno alikuwa rika langu na alikuwa na mimba ya kwanza, miezi imetimia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota kama changu, lakini tulielewana. Alinifundisha kula samaki bila kumeza mifupa, nami nikamweleza jinsi tunavyochuma majani mawili na chipukizi. Alicheka sana kusikia kwamba watu wanaamka alfajiri kwenda kuchuma majani yasiyo mboga.

Kisiwa kilikuwa na makanisa mawili. Moja lilikuwa kama letu, nalo ndilo lililotualika. La pili lilikuwa la watu wa kanzu nyeupe na ngoma, ambao husali kando ya maji. Watu wa makanisa hayo walikuwa hawasalimiani. Mchungaji aliyetupokea alituomba tusiwakaribie wale wa kanzu, nasi tukatii.

Siku ya mkutano ilipofika, nilitoka nje asubuhi nikakuta ziwa halipo. Mwanangu, nilidhani nimerudi nyumbani. Palikuwa kijani kitupu, kama shamba la chai, kutoka miguuni pangu hadi mbali. Upepo ulikuwa umeyasukuma magugu maji yakajaza ghuba yote, na mashua zote zimefungiwa ndani.

Asubuhi hiyo hiyo Atieno akashikwa na uchungu. Sista Raeli alimpima, akatoka nje uso umebadilika.

"Mtoto amekaa vibaya," akamwambia Mzee Kiprono. "Hapa mimi siwezi. Asipofika hospitali ya ng'ambo leo, tutawapoteza wote wawili."

Mama Perpetua aliposikia hakulia. Alijifunga leso kiunoni, akateremka ufuoni, akapiga ukelele mmoja mrefu kwa Kijaluo. Mimi sikuelewa neno hata moja, lakini kisiwa kizima kilielewa. Watu walitoka kila upande, wanaume kwa wanawake, wengine na mapanga, wengine mikono mitupu, wakaingia majini. Ujue magugu yale yana nyoka, na viboko hupenda kujificha humo. Wao walilijua hilo kuliko mimi, na waliingia.

Kiongozi wa wale wa kanzu nyeupe, Mzee Okelo, aliingia na kanzu yake mwilini mpaka maji yakamfika kifuani. Aligeuka akamkuta mchungaji wetu mwenyeji ubavuni pake.

"Mchungaji, shika huko," akamwambia. "Mizizi ni mizito."

Mchungaji akashika. Wakavuta pamoja.

Sisi wa milimani tulikuwa tumesimama ufuoni na Biblia zetu, hakuna hata mmoja anayejua kuogelea. Kijana mmoja wetu akauliza, "Mzee, tuanze maombi?"

Mzee Kiprono alikuwa ameshakaa chini, anavua viatu. "Omba ukifanya kazi," akamjibu. "Mgongo wako umezoea kubeba majani."

Basi wao walikata na kuvuta, sisi tukabeba mafungu yale yanayochuruzika na kuyatupa juu nchi kavu. Vipaza sauti vilibaki kwenye masanduku yake.

Njia ilipofunguka, upana wa mashua moja tu, Atieno alibebwa juu ya godoro lake akalazwa ndani. Alinishika mkono. "Usiniache," akasema. Kwa hiyo mimi, niliyefumba macho wakati wa kuja, nikapanda pamoja na Sista Raeli.

Hapo ndipo nilipoona nililoliona. Magugu yalikuwa yakitaka kujifunga tena, na watu wale hawakutoka majini. Walijipanga pande zote mbili za njia, bega kwa bega, wakayazuia kwa migongo yao, wa kanzu na wasio wa kanzu. Waliimba kwa sauti ya chini. Tulipita karibu nao kiasi kwamba niliona midomo yao ikitetemeka kwa baridi. Wanawake walinyoosha mikono wakagusa ubavu wa mashua na kulitaja jina la Atieno. Nilikuwa nimewafundisha watoto habari za Bahari ya Shamu mara nyingi, nikiwachorea ubaoni ukuta wa maji huku na huku. Siku ile nilipita katikati ya ukuta wenyewe, na ulikuwa wa watu. Sikuweza kuomba. Nililia tu.

Hospitalini walimpasua Atieno mara moja. Jua likiwa bado juu, tukasikia mtoto akilia.

Sista Raeli nami tulirudi jioni kupeleka habari, tukijua kwamba tutakuta njia imefungwa. Haikufungwa. Walikuwa bado wamesimama, wakipokezana, mmoja akitoka kuota jua mwingine anaingia.

"Msichana!" Sista akapaza sauti. "Wote wazima!"

Siwezi kukueleza shangwe ile. Mchungaji mwenyeji alilia kama mtoto, na Mzee Okelo akamshika mkono akamtoa majini polepole.

Mkutano wetu haukufanyika. Jumapili walisali pamoja pale ufuoni, wakamwomba Mzee Kiprono ahubiri. Alisimama, akawatazama wa kanzu na wasio wa kanzu. Kisha akasema, "Tulikuja kuwaletea habari za Mungu. Tumemkuta hapa, amelowa maji." Akaketi. Sijawahi kusikia mahubiri mengine kama hayo.

Makanisa yale bado ni mawili hadi leo, nisikudanganye, lakini nasikia wanasalimiana na kuzikana. Mtoto wa mchana kwao huitwa Achieng, na kwetu Chebet. Atieno alimpa majina yote mawili.

Sasa nisikilize. Huko uendako, usifikiri unampeleka Mungu kama mzigo ulioufunga hapa Litein. Ametangulia. Kazi yako ya kwanza ni kutazama vizuri uone amesimama wapi na pamoja na nani, hata akiwa pamoja na wale ulioambiwa usiwakaribie. Ukimwona, vua viatu uingie hapo alipo. Maneno utayasema baadaye, yakihitajika.

Nenda, mwanangu. Njia ikupokee, chakula cha kule kikukae vizuri tumboni, watu wa kule wakuite mtoto wao. Na Mungu akurudishe kwetu ukiwa mzima, ukiwa na mengi ya kutusimulia kuliko uliyoondoka nayo.