Shuka Jeupe la Nangara

Sisi tuliokua Babati miaka ile ya foleni tunajua ugali wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano ya msaada, chai bila sukari na nguo zilizofuliwa kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni ilikuwa haionekani. Na tulicheka! Watoto wa siku hizi ndege ikichelewa dakika ishirini wananuna kama wamefiwa.

Mimi ndege nilianza kuijua kwa uzi. Baba yangu, bwana shamba, aliugua figo, na daktari akasema basi la siku mbili hadi Dar es Salaam litammaliza. Serikali ikamkatia tiketi ya ndege kutoka Kilimanjaro. Land Rover ya hospitali ilimchukua siku moja kabla, maana tope la barabara ya Magugu lilikuwa halina adabu. Mama hakulia mbele yetu. Aliniambia tu, "Tekla, kamuulize mwalimu wenu, ndege ya baba yako itapita hapa saa ngapi? Nataka anione."

Mwalimu aliniazima rula na uzi, nikapima kwenye ramani ya ukutani iliyochanika pembeni. Kutoka kiwanja hadi kiwanja tukapata kama kilomita mia nne na hamsini, mwendo wa saa moja hivi. Lakini uzi ulishuka kusini-mashariki moja kwa moja, ukatuacha Babati mbali kabisa upande wa magharibi. Nilirudi nyumbani moyo mzito. Mama alikuwa ameshaanika shuka lake jeupe la harusi, ametwanga majani ya mpapai hadi mikono ikawa ya kijani. Nikashindwa kumwambia ukweli.

"Itapita saa nne na nusu, mama."

Siku hiyo tulilitandaza kwenye majani kule Nangara, kila mtu kashika pembe yake. Wingu lilikuwa zito. Baadaye mama akasema ameisikia ikiunguruma. Sikusikia kitu, nikasema nami nimeisikia. Niliogopa sana kwamba baba atakufa na uongo wangu utabaki.

Baba alirudi baada ya miezi miwili, kakonda, suruali imefungwa kwa kamba. Hata uji hajapewa, mama akauliza, "Baba Tekla, uliliona shuka?"

Baba alikuwa mtu wa ramani za mashamba. Alinitazama kwanza mimi. Kisha akasema, "Nililiona. Nikamwambia hata jirani yangu wa kiti, yule pale chini ni mke wangu."

Mama aliisimulia habari hiyo mtaa kwa mtaa, Maisaka hadi Nakwa, mpaka tulipomzika. Sasa wote wawili hawapo, na ninawakumbuka mno.

Juzi mjukuu wangu, anayeijua hadithi ya shuka, alinionyesha kwenye simu kijidege kikitambaa kutoka Kilimanjaro kwenda Dar es Salaam, njia ileile ya uzi wangu.

"Bibi, mbona haipiti Babati?"

"Siku ile ilipita," nikamwambia.